Muuza Nyama Anayetafuta Kazi ya Bure

Duluth, Minnesota
15 Septemba 1996

Shangazi Ardis,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo. Nadine amepona mafua, ila bado anakohoa kwa makusudi nikichelewa kurudi nyumbani. Binti yetu Signe ameingia mwaka wa tatu wa sekondari, na tangu kiangazi amenipita urefu, jambo ambalo hachoki kulitaja mbele ya wageni.

Jumapili nilikupigia simu. Ulipokea, ukanieleza habari za nyanya zako dakika tatu bila kituo, ukasema, “Haya, Mungu akubariki,” ukakata. Mimi nilikuwa sijavuka “halo.” Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Shangazi, unajua nimepunguza siku za kukata nyama nipate kusoma. Sasa nimegundua kwamba masomo peke yake hayatoshi. Chuo cha udaktari hakimtaki mtu ambaye hajakaa na wagonjwa. Wanataka uwe umejitolea hospitalini, saa mia na zaidi, bila malipo. Nikajiambia, hilo ndilo jepesi kuliko yote. Nani atakataa mtu wa bure?

Nilikwenda hospitali ya kwanza, ile ya kilimani. Mama wa mapokezi alinipa fomu, kisha akachungulia nyuma yangu.

“Mtoto yuko wapi?”

“Mtoto gani?”

“Anayetaka kujitolea.”

“Ni mimi, mama.”

Akaichukua fomu yake akaisoma upya, kama vile huenda imebadilika. Ilikuwa inauliza niko darasa la ngapi, na chini kulikuwa na nafasi ya sahihi ya mzazi. Akasema wanafunzi wanakuja baada ya shule, na watu wazima wa kujitolea ni wastaafu, siku za Jumanne. “Wewe umestaafu?” Nikasema bado. “Basi wewe,” akasema kwa huruma kabisa, “sijui nikuweke wapi.”

Nina miaka arobaini na minne. Nimechelewa utoto na nimewahi uzee.

Mpwa wako,
Leland


Sandvik, North Dakota
29 Septemba 1996

Leland,

Marahaba. Simu yetu ni mbovu. Waya unapita shambani kwa Knutson na ng'ombe wake wanajikuna kwenye nguzo. Usinipigie, andika. Barua naweza kuisoma mara mbili, na mara ya pili huwa ndiyo nacheka.

Mimi mzima. Viazi vimetoka vizuri, na kanisani wamepata mchungaji mpya, kijana mwenye ndevu anayehubiri kama mtu anayenong'oneza farasi. Mwezi ujao Harlan wangu anatimiza miaka mitatu tangu aniache mjane. Kaburi nimelisafisha.

Sasa hilo lako. Sishangai walikukataa. Mtu aliyekata nyama miaka ishirini na miwili anataka kutibu watu. Mimi ningekuwa mgonjwa ningeuliza kwanza kisu chako kiko wapi. Na wewe umezoea wateja ambao tayari hawalalamiki. Hawa wa hospitali wanaongea, Leland.

Hata hivyo, kwa kuwa mama yako hayupo na mimi nilikulea majira sita ya kiangazi, nimeona nisikuache yatima. Kata hapa chini uwapelekee:

“Mimi, Ardis Haugen, shangazi na mlezi, namruhusu Leland Brekke kujitolea katika hospitali yenu. Anakula kila kitu isipokuwa bitiruti. Anajua kunawa mikono akikumbushwa. Akiona sindano hugeuka ukutani, lakini ukimwacha hurudi mwenyewe. Tafadhali awe nyumbani kabla ya giza.”

Kemia inaendeleaje?

Shangazi yako,
Ardis


Duluth
17 Novemba 1996

Shangazi,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa. Barua yako Nadine ameibandika kwenye friji, na kila bitiruti inapouzwa kwa bei nafuu ananunua. Signe ameanza kuendesha gari. Tunamwomba Mungu, na majirani nao wanaomba.

Nimepata. Sikiliza ilivyokuwa.

Hospitali ya pili, ya chini karibu na ziwa, ina mama anayewapanga watu wa kujitolea, Bibi Okerlund. Ni mwembamba, ana miwili ya miwani, mmoja puani na mmoja kichwani, na hutafuta wa tatu. Akaniuliza kwa nini nataka kujitolea. Usiku mzima uliotangulia nilikuwa nimepanga maneno mazuri. Nilipofungua mdomo yakatoroka yote. Nikasema, “Nataka kuomba chuo cha udaktari, na bila saa hizi hawatanitazama.”

Akaweka kalamu chini. “Mwaka huu nimewahoji watu hamsini na wawili. Wote wanawapenda sana wanadamu. Wewe ndiye wa kwanza kusema ukweli.”

“Kwa hiyo nimepata?”

“Hapana. Wadi zimejaa. Nina nafasi kwenye duka la zawadi.”

Basi, Shangazi, ndiyo hivyo. Nimechomwa chanjo mbili, nimepimwa kifua kikuu, nimekaa darasani siku nzima na watoto wa miaka kumi na sita tukifundishwa jinsi ya kubisha mlango. Mwalimu akadhani mimi ni baba wa mmoja wao. Nimevikwa kizibao cha bluu kisichofunga tumboni. Na sasa kila Jumatatu na Alhamisi natengeneza wanyonge wa kuwapata wagonjwa: nauza kadi za “Ugua pole,” peremende, betri, na dubu wa manyoya. Nimetimiza saa kumi na nane hadi leo. Nimemwona mgonjwa mmoja, na alikuwa anatafuta choo.

Karibu Krismasi. Nitakuja kukuchukua mwenyewe.

Leland


Sandvik
8 Desemba 1996

Leland,

Marahaba, daktari wa dubu.

Nimecheka mpaka nikaketi. Kwanza, mtu hana miwili ya miwani, ana miwani miwili; nilifundisha shule miaka thelathini na moja na sitanyamaza kwa sababu nimestaafu. Pili, ile sentensi ya “wanyonge wa kuwapata wagonjwa” nimeisoma mara nne, na bado sijui ni nani alimpata nani. Ulikuwa umelala ukiandika.

Krismasi sitakuja. Theluji imeanza vibaya mwaka huu na barabara inafungwa kila wiki. Halafu kwenu kuna watu wengi, na wote wanaongea kwa pamoja. Nimezoea utulivu. Nimewatumia lefse, chapati zetu za viazi, dazeni tatu. Signe ale ya kwanza.

Umeniandikia ukurasa mzima juu ya duka la zawadi, na juu ya kemia hata nusu mstari. Nilikuuliza Septemba. Mimi ni mzee lakini kuhesabu sijasahau.

Ardis


Duluth
9 Februari 1997

Shangazi,

Shikamoo. Hatujambo. Lefse ziliisha kabla Krismasi haijafika. Baridi imekuwa kali hata ziwa limenyamaza.

Nimehamishwa. Mzee mmoja wa kujitolea ameteguka nyonga, maskini, na Bibi Okerlund akanipandisha wadi ya ghorofa ya nne. Kazi yangu ni kusukuma viti vya magurudumu, kujaza majagi ya maji, na kukaa na wazee wasio na wageni wakati wa kula. Mkuu pale ni nesi anayeitwa Bernadine, mwenye miaka thelathini kazini. Siku ya kwanza aliniuliza, “Umewahi kumlisha mtu?” Nikamwambia nimeulisha mji mzima nyama. Hakucheka. Siku hizi hucheka kidogo.

Nataka kukusimulia habari za mgonjwa mmoja, Mzee Casimir Wojtak. Alifanya kazi ya kupakia madini melini hapa bandarini miaka arobaini. Alivunjika mkono, akaletwa, na kwenye karatasi yake kuliandikwa kwamba amechanganyikiwa. Ukimuuliza, “Umelala vizuri?” anajibu, “Jumanne.” Ukimuuliza kama anataka supu, anasema ndiyo. Ukimuuliza kama hataki, ndiyo vilevile. Chakula kinarudi kama kilivyokuja.

Nilikaa naye mara tatu. Ya tatu nikaona kitu ambacho nimekiona kwenye duka la nyama maelfu ya mara. Macho yake hayakuwa machoni pangu. Yalikuwa mdomoni. Wako wateja wangu wazee ambao nikiwatazama tunaelewana vizuri; nikigeukia mashine ya kukata nyama, nikauliza “nene au nyembamba,” wanajibu ndiyo. Nimewauzia watu nyama nene miaka ishirini kwa ndiyo ya namna hiyo.

Nikachukua karatasi ya sinia nikaandika kwa herufi kubwa: UNANISIKIA?

Akaichukua kalamu kwa mkono mzima, wa kushoto, akaandika taratibu: “Betri zimekufa tangu Ijumaa. Hakuna aliyeuliza.”

Vifaa vyake vya masikio vilikuwa kwenye droo, ndani ya soksi. Mimi siruhusiwi kumgusa mgonjwa, nikamwita Bernadine. Betri zenyewe nilijua zilipo; nilizipanga mwenyewe kwenye rafu ya duka. Alipovaa, neno lake la kwanza lilikuwa, “Supu hii ni mbaya sana.” Akaila yote. Kesho yake Bernadine akamwambia daktari, na lile neno “amechanganyikiwa” likafutwa.

Nilirudi nyumbani nikifurahi kama mjinga. Nikakaa mezani nianze barua hii, nikawa natafuta ya kwako ya Septemba. Nikazisoma zote mbili za mwaka jana. Simu mbovu. Mchungaji anayenong'ona. Watu wanaoongea kwa pamoja.

Shangazi, tangu lini husikii?

Mpwa wako,
Leland


Sandvik
16 Machi 1997

Leland,

Theluji imefika kwenye madirisha ya chini, posta haikuja siku kumi na moja. Mimi mzima. Pongezi kwa Mzee Wojtak. Mwambie Signe sweta ninayomfumia nimefika kwenye mikono.

A.


Duluth
6 Aprili 1997

Shangazi,

Shikamoo. Kadi yako nimeipata. Ina mistari mitatu, na swali langu halimo hata katika mmoja. Mwalimu wangu aliyenifundisha kuhesabu angeliona hilo.

Basi tufanye biashara. Nikupe siri, unipe siri.

Kemia nilianguka. Desemba. Si kuteleza, ni kuanguka kabisa, na kishindo chake kilisikika mpaka ofisi ya mkuu wa idara. Siku barua yako ya “hata nusu mstari” ilipofika, matokeo yalikuwa mfukoni mwangu. Nilimwambia Nadine peke yake. Nilikwisha kumwandikia Bibi Okerlund barua ya kuacha na nikamwambia mwenye duka la nyama kwamba Januari narudi siku zote sita. Kisha yule mzee akateguka nyonga, wakanipigia simu niende wadini wiki mbili tu, kumshikia nafasi. Nikasema wiki mbili si kitu. Hapo nikakutana na Wojtak.

Sasa narudia somo lote. Signe ananisikiliza kila jioni na ananifokea kwa sauti yako hasa. Mtihani ni mwezi wa Mei.

Hiyo ndiyo yangu. Nangoja yako.

Leland


Sandvik
27 Aprili 1997

Leland,

Marahaba.

Kwanza kemia. Nilijua. Mtu aliyefaulu huandika mstari wa kwanza. Hukuniudhi kwa kuanguka, umeniudhi kwa kunificha, na sasa utaona kwamba sina haki hata ya hilo.

Ni miaka saba. Ilianza na ndege. Nikadhani wamehama. Kisha ikawa sauti za wanawake, halafu simu. Simu ikilia najua ni wewe kwa sababu hakuna mwingine anayepiga Jumapili, basi naongea mimi mpaka nione yametosha. Kanisani naimba kwa kutazama mgongo wa mtu wa mbele ukivuta pumzi. Unaweza kuishi hivyo muda mrefu kuliko unavyofikiri. Watu hupenda mtu anayeitikia.

Hukuniuliza kwa nini sikwenda kwa daktari, lakini utauliza, kwa hiyo naandika sasa hivi, kabla hasira haijapoa.

Harlan alipopata kiharusi alilazwa hospitali ya Minot siku tano. Sauti yake ilibaki uzi. Siku ya nne jioni nilikuwa nimekaa karibu naye, taa ya ukutani ilikuwa nyuma yake, sikuweza kuona midomo. Akaniambia kitu. Nikainama. Akakirudia. Ilikuwa sentensi fupi, iliyopanda mwishoni, swali. Nilitakiwa kusema, “Harlan, sisikii.” Zaidi ya miaka mitatu nilikuwa nimemficha. Nikaona aibu kumwambia siku ile. Nikaitikia kwa kichwa, nikasema, “Ndiyo.” Akafumba macho. Hakusema tena.

Sijui nilikubali nini, Leland. Labda aliniuliza kama nimemsamehe mambo ya mwaka wa sitini na mbili. Labda kama niko sawa kubaki peke yangu. Labda kama ninaogopa. Kila moja nikiliweka pale naona ndiyo yangu inamfaa au inamchoma. Pengine nilikubali trekta apewe Knutson; trekta nimeliuza kwa mtu mwingine, basi huko aliko ananuna.

Nikiweka vifaa masikioni nitakuwa nimekiri kwamba ningeweza kuviweka wakati ule. Wadi yake ilikuwa ghorofa mbili juu ya daktari wa masikio. Nilipita mlangoni pake kila siku.

Usinijibu haraka. Na usinihurumie, nitajua kwa mwandiko.

Ardis


Duluth
30 Mei 1997

Shangazi Ardis,

Shikamoo. Hukutaka nijibu haraka. Nilianza barua hii mara tano.

Nadine hajambo. Signe amegonga sanduku la posta la jirani, taratibu. Mtihani nimeufanya, matokeo wiki ijayo, na safari hii utayapata mstari wa kwanza, yakiwa mazuri au mabaya.

Mzee Wojtak amefariki. Mkono ulipona, lakini mapafu yalimrudisha mwanzoni mwa mwezi. Hakuwa na mtu, mwanawe yuko mbali, wakanipa ruhusa ya kukaa naye mchana zaidi ya zamu zangu. Vifaa vyake vilikuwa masikioni muda wote. Nilihakikisha.

Nitakuambia ukweli kama ulivyoniambia. Nilikuwa nangoja aseme kitu. Barua yako ilikuwa mfukoni mwa kile kizibao, nikawa nasikiliza kwa ajili yako. Nilidhani mtu aliyepakia meli miaka arobaini, aliyemzika mke na kugombana na mwanawe, atatoa neno. Alhamisi saa nane mchana akafungua macho, akanitazama, akasema wazi kabisa, “Nani ameegesha gari pale?”

Nikamwambia ni la muuza maua, linaondoka sasa hivi. Akaridhika. Hilo ndilo la mwisho nililolisikia kwake.

Nilimsimulia Bernadine kwenye ujia. Nilikuwa kama mtu aliyenyimwa. Akaniambia, “Miaka thelathini nawasikiliza, Leland. Wanaotoa hotuba ni wachache mno. Huyu anauliza kama mbwa amekula. Yule anataka dirisha. Mmoja aliniuliza kama nimezima pasi. Wanaendelea tu na siku yao.”

Sijui Harlan aliuliza nini, wala Bernadine hajui, na sitajifanya najua. Nakupa nilichosikia, basi.

Jumamosi ya tarehe saba nakuja na gari kukupeleka Minot. Nimekuwekea miadi kwa daktari wa masikio saa nne asubuhi. Ukitaka kunikatalia, andika. Ila kwa jinsi posta yenu ilivyo, nitakuwa nimekwisha kufika.

Mpwa wako,
Leland


Sandvik
22 Juni 1997

Leland,

Marahaba. Nimefurahi kusikia kemia umefaulu, na nimefurahi zaidi kusikia kwa masikio yangu, ingawa kwenye simu bado unasikika kama unaongea ukiwa ndani ya ndoo.

Wiki ya kwanza nilitaka kuvitupa hivi vitu. Hakuna aliyeniambia friji yangu inalalamika. Ngazi inalia, viatu vyangu vinalia, na mchungaji hanong'onezi farasi hata kidogo. Ana sauti kubwa na hana la kusema. Nilikuwa nampenda zaidi zamani. Ndege hawakuhama.

Sasa sikia jambo lililotokea juzi. Nilikuwa naosha sufuria baada ya chakula cha jioni, dirisha wazi. Nikasikia kuku wakigombania nafasi bandani, ile sauti ya chini wanayotoa wanapotaka kulala. Sikuwa nimeisikia miaka. Kabla sijafikiri chochote, mikono imejaa povu, nilikwisha kutoka nje kwenda kuangalia mlango wa banda.

Nilikuwa katikati ya uwanja nilipokumbuka kwa nini nakwenda. Miaka thelathini na minane, kila jioni, Harlan akikaa tu kwenye kiti, kabla hajavua viatu, alikuwa na swali moja. Alilisema mara nyingi hata tukaacha kulisikia, mimi na yeye. Mbweha aliwahi kutumalizia kuku wote mwaka wetu wa kwanza, na hakusahau. “Ardis, banda umefunga?” Fupi. Linapanda mwishoni.

Nilisimama pale uwanjani nikajaribu kulisema kwa sauti ya uzi. Nililisema mara tatu. Sitaapa kwamba ndilo aliloniuliza, Leland. Miaka mitatu na nusu nilikuwa natafuta neno kubwa lenye ukubwa wa kufa kwake, na sikuwahi kwenda kutafuta miongoni mwa madogo.

Siku ile ya nne ya Harlan hospitalini nilitoka nyumbani kwenda Minot saa kumi alasiri. Nakumbuka nilirudi kutoka kwenye gari, nimevaa koti la kanisani, nikawaingiza kuku mapema huku nikiwatukana kwa kunichelewesha.

Banda nilikuwa nimelifunga.

Shangazi yako,
Ardis